Gunzi Kwenye Bomba la Kupumulia

Walisema sitamaliza hata msimu mmoja. "Huyu amekaa Sauzi miaka yote hiyo, kumbe alikuwa anajifunza kuanika maji," alisema baba yangu mdogo mbele ya watu pale Igowole, na watu wakacheka mpaka wakashika magoti. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na diploma ya ufundi bomba niliyoisotea Mbeya kabla ya kwenda huko Sauzi, nikibeba zege asubuhi na kusoma jioni, bila mtu kuninunulia hata daftari. Katika nyanda hizi sijakutana na fundi wa kunifundisha kufunga mtambo wa kuchemsha maji kwa jua, na nasema hivyo bila aibu.

Hata hivyo nilianza na vya watu. Baba mdogo yuleyule alinikopesha sehemu ya mafao yake ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Ndivyo alivyo, anakutukana huku anafungua mfuko. Mwenye duka la vifaa Mlandege, Iringa mjini, alinipa tangi na mabomba kwa ahadi ya mdomo. Shangazi yangu, mjane, dada yake baba mdogo, alinipa paa lake liwe la kuwaonyeshea watu kazi yangu.

Nilifanya kazi safi. Tangi nililifunga kwa vyuma kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba paa, si kwenye bati, maana likijaa ni zito kama ng'ombe na upepo wa Mufindi hauna utani. Mirija ya kioo niliielekeza kaskazini na kuijaza alfajiri, kwa sababu ukiitia maji ya baridi ikiwa imeshika moto inapasuka. Bomba la maji ya baridi nililiwekea valvu ili ya moto yasirudi nyuma. Juu ya tangi nikasimamisha bomba fupi lililo wazi, la kupumulia. Maji yakipata moto yanatanuka, na njia yake ni hiyo tu.

Shangazi aliandaa ibada ya shukrani. Kwetu wageni wa ibada hupokelewa kwa wimbo mlangoni, kwa hiyo mchungaji na kwaya nzima walisimama chini ya ukingo wa paa. Jua lilikuwa kali. Bomba likaanza kutoa mvuke, kisha tone, kisha tone jingine, yakiteremka kwenye bati hadi kwenye bega la joho la mchungaji.

"Fundi, paa lako linakojoa!" alisema mama mmoja wa kwaya.

"Mwacheni," akadakia baba mdogo. "Huko Sauzi ndivyo wanavyoyaanika."

Ningeweza kuwaeleza. Ilihitaji maneno matatu. Badala yake nilizunguka jikoni, nikaokota gunzi, nikalivingirishia kitambaa, nikapanda ngazi ya nyuma na kuliziba bomba. Huku kwetu gunzi ndilo kizibo cha kila kitu, kuanzia kibuyu hadi chupa ya mafuta ya taa. Nilijiambia nitalitoa wageni wakiondoka. Kikaja chakula, zikaja pongezi, watu wawili wakaniomba nifike kwao. Nililala nimeshiba sifa.

Kesho yake mchana nilikuwa uani nasafisha vifaa. Shangazi alifungua koki bafuni. Nikasikia mlio mfupi, kama debe lililokanyagwa, halafu sauti yake. Hakupiga kelele. Aliniita, "Mwanangu," mara moja tu. Kiungo cha bomba kilikuwa kimeachia, na maji yaliyochemka yamemrukia mkono wa kulia, kutoka kiwiko hadi vidole.

Njiani kwenda zahanati nilimwambia, "Shangazi, ni mimi. Nililiziba."

"Nyamaza. Nimejimwagia uji, umesikia? Ukisema, nani atakuita tena? Utawalipa nini watu?"

Nesi aliandika uji. Mimi nikanyamaza.

Niliporudi kulitoa lile gunzi lilikuwa limeiva, linanukia kama mahindi ya kuchemsha. Mpaka leo stendi ya Mafinga napita upande wa pili wa barabara, mbali na akina mama wenye masufuria yao ya mahindi. Kazi zilikuja kama nilivyojua zitakuja. Nimefunga mitambo Iringa mjini, nimefunga kwa wakulima wa milimani juu ya Mbeya, na hakuna paa nililoshuka bila kutega sikio kwenye bomba la kupumulia. Wateja hudhani nasali. Ukweli ni kwamba humo ndani kuna mtu anavuta pumzi, na kila mara nangoja aniite. Kule Mbeya nilishuka na kupanda tena mara tatu, bomba likiwa wazi kabisa, mpaka mwenye nyumba akaniuliza nimepoteza nini.

Siku ya kulipa nilianza kwa shangazi, mapema. Nilimwekea kitenge na bahasha mapajani. Akavisogeza kando kwa ule mkono, ambao vidole vyake viwili havinyooki tena.

"Mimi hukunikopa hela. Watu wananiuliza habari za mkono, nawaambia uji. Mwaka hadi mwaka, uji. Nimechoka kukubebea, mwanangu."

Nilipanda basi hadi Mlandege. Nilimlipa mwenye duka, kisha nikamwambia yote.

"Mbona unaniambia baada ya kulipa?" aliuliza.

"Kabla ya hapo niliogopa."

Alifuta jina langu kwenye daftari lake, hakunipa mkono.

Jua lilikuwa linashuka nilipofika kwa baba mdogo Igowole. Wa mwisho. Aliipokea bahasha akicheka, "Leo umeanua!" Nikamweleza: joho, tone, utani wake, gunzi langu, uji. Kicheko kilimwisha kidogo kidogo. Bahasha aliiacha kwenye benchi bila kuifungua.

"Dada yangu," alisema.

Kisha akatoka nje, akasimama akitazama paa lake, ambalo mtambo wake niliufunga mwenyewe.

"Bomba la kwangu liko wazi?"

"Liko wazi, baba."

"Sitaki maneno. Panda unionyeshe."

Akanishikia ngazi, nami nikapanda.