Ukikata Sedumu, Okota Vipande

Ipo siku moja ambayo haijanitoka, mwanangu, ingawa si siku ninayojivunia. Umeniomba vipande vya maua yangu ya sedumu ukapande mbele ya nyumba yako, nami nitakupa. Lakini vipande hivi vina maneno yake, na heri uyasikie kabla hujaondoka navyo.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa juzijuzi tu, tena tulikuwa wakimbizi kutoka Kongo, wageni hapa kambi ya Nakivale, Uganda. Mimi na mume wangu tulipewa kipande cha kulima, na kando yetu akapewa Mama Riziki, mjane kutoka upande wa Fizi. Mume wake aliuawa kule nyumbani kwa ugomvi wa shamba. Alinieleza hayo siku moja tukipalilia pamoja, kwa sauti ya chini, na hakuyarudia tena. Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza, Neema, yeye ndiye aliyekuja kunipikia uji mpaka nikapata nguvu za kusimama. Sikuwa na mama hapa, wala dada. Nilikuwa naye.

Sedumu niliipata mjini Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kwa mama mmoja mwenye duka la unga aliyekuwa akinunua maharage yangu. Mlangoni pake palikuwa na makopo ya maua yenye majani manene kama vidole vya mtoto. Siku hiyo nilimkuta ameshika kisu, anayakata vichwa. Nikamwambia anayaua.

“Hapana ogopa,” akanijibu kwa Kiswahili chao cha huko. “Kama wewe hapana kata, yeye nakuwa mrefu, nalala chini. Kata sasa, mvua nakuja. Lakini kama yeye nataka kutoa maua, wewe acha kabisa.”

Akanipa alivyokata, nikavipanga kwenye mpaka wetu na Mama Riziki, maana mpaka wenyewe ulikuwa mfereji mdogo tu uliokuwa ukifukiwa kila mvua. Mume wangu akaongeza samadi ya ng'ombe. Sisi watu wa Kivu tunaamini samadi inaponya kila kitu. Sedumu ikanenepa, ikarefuka, kisha ikaanguka huku na huku, katikati pakabaki wazi. Hapo nikakumbuka maneno ya yule mama. Mvua zilipoanza tena nilikata kila shina katikati, samadi nikaiacha, na baada ya muda kila shina likatoa matawi mafupi, magumu, yanayosimama yenyewe. Yalipochanua, watu wa kanisa walikuja kuomba ya kupamba harusi. Nilivimba kichwa, sikufichi.

Sasa sikiliza kosa lenyewe. Vile vichwa nilivyokata nilivirusha upande wa pili bila hata kuangalia. Ndivyo tulivyozoea kufanya na magugu ya maharage: unang'oa, unatupa mpakani, jua linamaliza kazi. Lakini sedumu si gugu. Inalala ubavu, jeraha lake linakauka, na mvua ikija inatoa mizizi palepale ilipoangukia. Mama Riziki alikuwa amepumzisha upande huo wa shamba, majani yameota, na hakuna aliyeona kitu. Alipokuja kulima akakuta maua yangu yamesimama ndani ya shamba lake, hatua kadhaa kutoka mfereji ulipokuwa, na mfereji wenyewe haupo.

Alikuja kwangu na jembe begani, majirani wakitazama. “Mama Neema, mpaka yangu imetembea,” akasema. “Maua yako ndiyo inautembeza. Kila mvua unasogeza kidogo.”

Angenipiga, ningevumilia. Lakini kuitwa mwizi mbele ya majirani kulinichoma, na ulimi hauna mfupa. Nikamjibu, “Shamba ndiyo ilimuua bwana yako kule. Na hapa ungali unatafuta ingine?”

Alishusha jembe taratibu, akarudi kwake. Shauri likafika kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akasema atakayeonekana amekula ardhi ya mwenzake atahamishwa, apewe shamba kule mbali kwenye mawe. Mume wangu hakula chakula siku hiyo. Mimi nilikuwa na hasira tu. Nilijua sikupanda kitu upande ule, na niliamini hilo linatosha.

Mwenyekiti alimtuma Mzee Elisha, mzee wa kanisa letu, aje kutazama. Aliinama kwenye udongo, akang'oa mche mmoja wa upande wa Mama Riziki, akatuonyesha. Shina lilikuwa limelala, mizizi imetoka ubavuni, na mwisho wa shina ulikuwa na alama ya kisu.

“Muangalie,” akasema. “Mutu akipanda, anasimamisha. Hii haikupandwa, ilitupwa. Mpaka iko palepale kwa mfereji. Hakuna mwizi hapa.”

Nikashusha pumzi. Akanigeukia. “Usifurahi bado, binti yangu. Haya maua utayang'oa leo na utamaliza. Ile neno ulimurushia huyu mama, utaing'oa na jembe gani?”

Niling'oa sedumu yote ya upande ule kabla jua halijawa kali, tukauchimba mfereji upya. Jumapili nikasimama kanisani nikamwomba Mama Riziki msamaha, naye akanipa mkono akasema amesamehe. Ninaamini alisema kweli. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Nilipojifungua mtoto wa pili, uji uliletwa na binti yake. Yeye hakuja. Kwa miaka mingi tulisalimiana vizuri, tukaazimana chumvi, na hakukaa tena kwenye mkeka wangu.

Kisha jina lake likatoka katika wakimbizi wa kupelekwa kuishi ng'ambo. Siku ya kuondoka alipita nyumba kwa nyumba kuaga. Kwangu alisimama mlangoni. Nikamwomba aketi hata kidogo, kwani basi la kuwachukua lilikuwa halijafika.

“Hapana, Mama Neema,” akasema kwa upole. “Nilikusamehe zamani, Mungu anajua. Lakini kila siku nikishika jembe, nilikuwa ninaisikia ile neno.”

Akaenda. Sikumwona tena, na uchungu wa neno lile ninao hadi leo.

Kwa hiyo, mwanangu, chukua vipande vyako. Viache kivulini jeraha likauke kabla ya kupanda. Usivipe samadi nyingi, wala maji mengi. Mvua zikianza, kata bila huruma, na ukiona vitumba, weka kisu chini. Maua yakishakauka, kata shina mpaka chini, machipukizi mapya yapate nafasi. Na ulichokikata kiokote chote. Vivyo hivyo kwa mdomo wako: yapo maneno ya kumkata mtu kwa faida yake, hata mzazi humkata mwanawe ili asimame. Ila ukikasirika usimrushie mwenzako jambo alilokupa kwa siri. Alikupa ili ulihifadhi. Ukilitupa linaota, na litaota upande wake, si wako.

Nenda salama. Mungu aibariki mikono yako na kisu chako, ayatie maji ya kiasi maua yako, na akupe jirani anayeingia kwako bila kubisha hodi, akakaa.