Jenereta Isiyosikika ya Paulinus Omuse

Paulinus Omuse wa Malaba hakuwahi kununua kitu bila kukichunguza mpaka kitu chenyewe kichoke. Avokado aliziminya zote kwenye fungu, kisha akanunua ile ya kwanza. Viatu alivivaa dukani, akatoka navyo nje, akatembea hadi kwenye reli na kurudi, mwenye duka akimfuata nyuma roho mkononi. Asekenye, mkewe, husimulia kwamba siku Paulinus alipokuja kumposa aliuliza maswali mengi mpaka baba mkwe akadhani ni mtu wa sensa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini wahenga hawakumjua Paulinus. Wangemjua, angewauliza jembe lenyewe ni la wapi na mpini wake ni wa mti gani.

Alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo mpakani kwa miaka mingi, mpaka kompyuta ilipofunzwa kufanya kazi yake bila kuomba likizo. Naye akaona heri amgeuze adui awe rafiki. Akafungua kibanda cha kuchapisha na kutoa nakala kando ya uwanja wa malori. Madereva waliokwama kwenye foleni walikuja na makaratasi ya mizigo, bima na barua za matajiri wao, naye akawachapia. Riziki ilikuwapo, ila ilitegemea stima. Na stima ya Malaba, Mungu aibariki, ina tabia za mgeni wa heshima: hufika ikiwa imechelewa, hukaa kidogo, kisha huondoka bila kuaga.

Kwa siku za giza alikuwa na jenereta la zamani ambalo jirani walilibatiza Shangazi, kwa sababu liliongea kutwa nzima na kukohoa katikati. Shangazi alipowashwa, kuta za mabati zilitetemeka, kuku wa jirani walihamia Uganda, na Paulinus na wateja wake walizungumza kwa kupayuka. "NAKALA NGAPI?" "MBILI! NA HII YA TALAKA, TATU!" Uwanja mzima ulijua habari za kila mtu. Hayo yote Paulinus aliyavumilia. Lakini stima ya Shangazi ilikuwa ya kupanda na kushuka, taa ilicheza kama imekunywa, na siku moja ikapanda isishuke. Printa ikatoa moshi, ikatoa karatasi moja nusu, ikanyamaza kabisa. Paulinus akalia machozi ya kweli, mtu mzima na mvi zake.

Akanunua printa nyingine kwa shida, na Shangazi akahamishiwa kwenye banda la kuku. Hapo ndipo alipoapa kutafuta jenereta la maana. Akaanza kutazama video kwenye simu asubuhi, mchana na jioni, mpaka akaijua ile aina inayoitwa inveta, ambayo kwanza huisafisha stima, ikatoka imenyooka, ndipo ikaipa mashine. Alijifunza wati za kuanzia na wati za kuendelea. Alijua kwamba printa ikianza kupata joto huvuta ghafla, na jenereta dogo hupiga magoti. Kanisani, badala ya kusalimia watu, aliwaeleza.

Jioni moja alimwonyesha Asekenye tangazo. Kulikuwa na picha ya mzungu na mkewe kando ya ziwa, hema nyuma yao, mbwa mnene, birika la kahawa, na jenereta jekundu lenye mkono wa kubebea kama sanduku la safari.

"Hawa wamefukuzwa kwao?" Asekenye akauliza.

"Hapana, Mama Apio. Wanapiga kambi. Ni raha yao."

"Wako na nyumba, na wanalala nje, na wamebeba stima ya nyumbani?" Akaitazama tena ile picha. "Na madereva hapa stejini wanalala chini ya lori na jiko na sufuria, hao hawapigwi picha?"

Paulinus alikuwa ameshaanza kueleza habari za kelele. Jenereta hili, alisema, ukiliwasha hulisikii. Huo ndio uzuri wake mkubwa. Wazungu hawataki kusumbua ndege.

Shida ilikuwa bei, na bei ilikuwa na pembe na mkia. Asekenye alikuwa na mtamba mmoja mwekundu aliyepewa na kaka yake, akamlea tangu ndama kwa mikono yake, na sasa mtamba huyo alikuwa karibu kuzaa. Asekenye alikuwa ameshahesabu maziwa kichwani. Paulinus alimbembeleza wiki baada ya wiki, akimwambia juu ya wati, mpaka mama wa watu akachoka kama wale wauza avokado.

"Sawa," akasema. "Muuze. Lakini hiyo mashine iniletee ng'ombe wangu. Sitaki maelezo, Baba Apio. Nataka ng'ombe."

Alisema hivyo kwa upole, na Paulinus akaogopa kuliko kama angepiga kelele. Alijua mashine ikishindwa, mtamba hatarudi, na Asekenye hatamwamini tena hata akimwambia mvua inakuja.

Mtamba akauzwa, na Paulinus akashuka Busia kwa duka la Collins Bwire, kijana mwenye ulimi wa asali. Hakwenda mikono mitupu. Alibeba printa yake ikiwa imefungwa kwa blanketi la ndoa, kwa sababu hakuwa mtu wa kuamini maneno. Bwire alimwonyesha dogo la kuchaji simu, akalikataa. Alimwonyesha kubwa lenye magurudumu, akaliuliza maswali mpaka wateja wengine wakaondoka. Likabaki la katikati, jekundu, ndugu yake lile la ziwani.

"Washa," Paulinus akasema.

"Mzee, iko on."

Paulinus akainama, akaweka sikio kwenye bomba lake la moshi. Kweli, kulikuwa na mnong'ono. Akachomeka printa. Mnong'ono ukapanda kidogo, ukaongeza nguvu, karatasi ikatoka nyeupe, safi, herufi zimesimama wima. Alitoa karatasi tano za majaribio, kisha tano nyingine, kwa furaha tu.

"Hii hata haihitaji matangazo, mzee wangu," Bwire akasema. "Kizuri chajiuza."

Paulinus akaupenda huo usemi, akarudi nao Malaba. Akaliweka jenereta nyuma ya kibanda, chini ya ukingo wa mabati, nje kabisa kama maelekezo yalivyotaka, maana moshi wake huua mtu ndani ya chumba. Akalifunga kwa mnyororo. Kisha akaanza kuomba stima ipotee. Labda ndiye mtu wa kwanza Malaba kuliombea jambo hilo, na labda ndiyo sababu lilijibiwa haraka.

Ilipotea siku foleni ya malori ilikuwa ndefu kuliko ubishi. Paulinus akavuta kamba mara moja, mashine ikanong'ona, taa ikawaka, printa ikasema niko tayari. Akaketi, akakunja nne. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema, naye akaungoja mshindo.

Ukaja, lakini kwa jirani. Alinga, mwenye kibanda cha tatu, aliliamsha dude lake la moshi mweusi, likanguruma mpaka sufuria za mama mandazi zikajibu. Na madereva, wakiwa bado juu ya malori yao, wakageuza vichwa, wakashuka na makaratasi yao, wakapita mbele ya mlango wa Paulinus moja kwa moja kwenda kwa Alinga.

"Hapa stima iko!" Paulinus akaita.

Dereva mmoja Mganda akasimama, akatega sikio. "Iko wapi, ssebo? Mbona siisikii?"

"Si unaona taa?"

"Hiyo ni ya sola. Sola haiwezi kusukuma mashine ya karatasi." Akaenda zake akimhurumia.

Mtu yeyote wa Malaba angeweza kumweleza. Stima ikipotea hapa, hakuna anayeangalia; watu husikiliza. Kinyozi hutafutwa kwa sikio, soda baridi hutafutwa kwa sikio. Paulinus mwenyewe alifuata mngurumo miaka yote akitaka kunyolewa. Lakini jambo hilo halikuwa kwenye video, kwa hiyo hakulifanyia utafiti.

Alijaribu kuandika bango. Watu walisoma, wakasikiliza, wakaona bango linadanganya. Alijaribu kuwashika watu mkono na kuwapeleka nyuma ya kibanda kuliona, nao wakaliona, wakasema ni sanduku zuri. Mmoja aliuliza kama limebeba nguo. Alinga, ambaye dude lake lilichapa kurasa zenye mistari kama punda milia, alikuwa na foleni hadi barabarani. Kila stima ilipopotea, Paulinus alikuwa na stima safi kuliko mji mzima, na hakuwa na mtu wa kumpa. Ilimuuma. Nyumbani alikula ugali wake akiangalia chini. Asekenye alipita tu mbele ya zizi tupu, akalifagia.

Mwisho Asekenye akaja kibandani mwenyewe, siku stima ilipokuwa imekwenda tena. Akasimama mlangoni, akaona taa inawaka, printa imekaa, mumewe amekaa. Akaangalia foleni ya Alinga. Akasikiliza.

"Baba Apio," akasema, "Shangazi bado anaweza kuwaka?"

"Anaweza, lakini stima yake ni sumu. Itaua printa."

"Nani amesema uchomeke kitu?"

 Paulinus alikwenda nyumbani kwa bodaboda, akawafukuza kuku juu ya Shangazi, akamfuta kinyesi, akamleta na kumtua mbele ya mlango, mahali pa kuonekana. Akamtilia petroli kidogo iliyokuwa imebaki chupani. Akamvuta kamba mpaka bega likalia. Shangazi akakohoa, akatema moshi, akaanza kuongea. Mabati yakatetemeka. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili halikuwa limeunganishwa hata na kijitaa.

Kabla Paulinus hajajifuta jasho, kulikuwa na watu mlangoni. Yule dereva Mganda alikuwa wa mbele, na lundo la makaratasi.

"Sasa hapo sawa, mzee!" akapaza sauti. "Umenunua jenereta!"

"NDIYO!" Paulinus akajibu, na moyo wake ukauma kama jino.

Akachapa. Nyuma ya kibanda jenereta jekundu lilinong'ona na kufanya kazi yote. Mbele, Shangazi alinguruma na kupokea sifa zote. Dereva alisema chuma cha zamani ni chuma, hivi vya siku hizi ni plastiki. Foleni ikakubali. Lundo lake lilikuwa halijafika nusu, petroli ya chupani ikaisha. Shangazi akajikwaa mara mbili na kunyamaza.

Taa haikutikisika. Printa haikusita hata kidogo, iliendelea kutema karatasi moja baada ya nyingine.

"Ah," dereva akasema kwa huzuni. "Stima imepotea."

"Haijapotea! Tazama, inachapa!"

"Pole, ssebo. Ikirudi uniite." Akaliacha lundo lake pale mashineni, akaenda kushika nafasi, na foleni yote ikageuka naye kuelekea kwa Alinga, kwa adabu, wengine wakimpa Paulinus pole ya mkono.

Wakabaki wawili, pamoja na printa iliyokuwa ikimaliza kazi ya mtu aliyeondoka. Paulinus hakuweza kumtazama mkewe. Asekenye aliokota mtungi wa petroli chini ya meza, akampa.

"Nenda kituoni."

"Hii ya nyuma imejaa, Mama Apio."

"Si ya kazi. Ya kelele." Akatazama Shangazi, kisha akatazama upande wa nyuma. "Mtamba wangu alikuwa anakula nyasi ya bure. Na kelele alikuwa anapiga mwenyewe."

Paulinus akaenda. Kituoni hakuuliza petroli imetoka wapi wala imekaa siku ngapi kwenye tangi. Alirudi, akamnywesha Shangazi, akavuta kamba, na mngurumo ukaamsha uwanja. Dereva akatokea mbio kutoka kwenye mstari wa Alinga.

"Imerudi?"

"Imerudi," Paulinus akasema, akamkabidhi lundo lake lote, limechapwa, limepangwa, limeshapoa.

Dereva akalipekua ukurasa kwa ukurasa, macho yamemtoka. "Banange! Imewaka sasa hivi tu na imeshamaliza?" Akainama, akampiga Shangazi kofi la mapenzi kwenye tangi. "Mzee, hii mashine usiiuze. Hata kwa ng'ombe."

Asekenye alikuwa amesimama pale pale. Paulinus akasema asante.