Siku Niliyomzungusha Mama Mkwe Mnara wa Saa

Jamani, haya ninayotaka kusimulia mke wangu hunikataza kuyasimulia mbele za watu, na mimi mwenyewe nikiyakumbuka nikiwa peke yangu barabarani najikuta nimefumba macho na kuguna kwa sauti mpaka wapita njia wananigeukia, lakini kwa vile nyie mmeshanicheka kwa mengi, ongezeni na hili. Niliwahi kumkimbiza mama mkwe wangu kuuzunguka Mnara wa Saa, mchana kweupe, siku ya Jumamosi, huku nimefunga tai.

Ilikuwa miaka ile bajaji zimeanza kujaa Arusha na kila mtu mjini amekuwa mfanyabiashara wa kitu fulani. Mimi nilikuwa na kiduka cha vifaa vya umeme, nimepanga chumba Moshono, kijana wa Machame niliyekuja kutafuta maisha, na nilikuwa nimempata Nembris, muuguzi, binti wa Kiarusha kutoka juu ya Ngaramtoni, upande wa magharibi wa Mlima Meru. Wazee wangu walishapanga kuja wiki inayofuata kupeleka posa, ila kabla ya hapo wazazi wake wakasema wanataka kwanza kumwona huyo kijana kwa macho. Yaani mtihani ulikuwa mimi mwenyewe. Nembris siku hiyo alikuwa zamu wodini, simu kazima, na asubuhi aliniambia neno moja tu, niwe na adabu (adabu! kama kuna kitu nilichokuwa nacho siku ile mpaka kikamwagika, ni adabu). Na kwa kuwa wao ni Walutheri kama sisi, nyimbo zilezile, ubarikio uleule, nikajua basi hakuna kigeni, tumeshajuana.

Sasa, baba yake aliwahi kuniambia kwenye simu kwamba mama huja mjini kuuza maharage na kurudi zake, hajawahi hata siku moja kuutazama mji. Mtu mwenye akili timamu angewaalika chakula, wakala, wakaaga. Mimi nikaona hapana, niwatembeze mjini, tena kwa bajaji, na wa kuwatembeza ni Rama.

Rama alikuwa mtu wa Tanga, Arusha hana hata miaka miwili, lakini alijipa cheo cha kuwaonyesha wageni mji, anaendesha huku anaeleza kwenye kipaza sauti. Spika yenyewe ilikaa juu ya paa, imetazama barabarani, kwa sababu siku za kazi aliitumia kutangaza dawa ya panya na kunguni, kwa hiyo ukipanda bajaji yake historia ya Arusha hukuisikia wewe peke yako, aliisikia na fundi viatu wa ng'ambo. Ningeweza kukodi teksi. Naomba mlishike hilo, maana ndipo nilipochemka. Ningekodi teksi ningekaa mbele na dereva, wazee wangekaa nyuma, na leo nisingekuwa na cha kusimulia, lakini nikajiambia teksi ina vioo, wazee wauone mji kupitia vioo kwani wako hospitalini?

Niliwapokea stendi ya Kilombero waliposhuka kwenye gari la Ngaramtoni. Baba alikuwa mzee mrefu mwenye fimbo na goti bovu, nikainamisha kichwa nikamwamkia, akanigusa utosini vizuri tu, moyo ukatulia. Nikamgeukia mama, nikamnyooshea mikono yote miwili kama tulivyofundishwa kwetu, nikamwambia shikamoo mama. Akaiingiza mikono yake ndani ya kitenge, akatazama duka la masufuria lililokuwa upande wa pili, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini kama anayeliitikia lile duka. Mikono yangu ikabaki hewani. Nikaijua ile dalili, au nikadhani naijua: mama hajanipenda.

Mtu akishaingiwa na wazo hilo hatulii tena, nami kutulia kwenyewe sijaumbiwa. Tukapanda. Baba akakaa ukingoni ili alinyooshe goti lake nje, mama akakaa katikati, na baba akaniambia kwa upole, "Kijana, wewe kaa pale mbele na mwenzako." Nikamjibu, "Hapana baba, siwezi kuwapa wazee wangu mgongo." Nikaingia nyuma, nikakaa ubavuni kwa mama, nikajisikia nimepata alama zangu za kwanza.

Mama akajifunika kitenge hadi usoni. Nikasema anasikia baridi (bajaji haina mlango, na mnajua upepo wa Meru), nikamsogelea nimkinge. Akasogea kwa mumewe. Nikasema kumbe upepo bado unapenya, nikamsogelea tena. Akasogea. Tulipofika Mnara wa Azimio upande wangu palikuwa na nafasi ya kulaza gunia, mama amejibana kama kitabu kwenye rafu, na baba wa watu nusu yake iko ndani na nusu iko barabarani, huku Rama anamwambia kwenye spika kwamba mzee ingia ndani usije ukaanguka kwenye lami, na mtaa mzima unageuka kumtazama mzee anayetaka kuanguka.

Pale Azimio tulishuka, Rama akaeleza Azimio la Arusha mwanzo mpaka mwisho kwa mzee ambaye ujanani mwake alitembea kwa miguu kuliunga mkono, halafu akaunyooshea kidole Mlima Meru akawaambia wageni kwamba ule ni mdogo wake Kilimanjaro. Baba akautazama mlima aliozaliwa chini yake, akasema anashukuru kufahamishwa. Wakati wa kupanda mama akabaki amesimama. Baba akajaribu kukaa katikati yeye, goti likagoma, akatoka anaugulia, akaniambia tena nikae mbele. Nami nikakataa tena, safari hii nikiwa nimemshika kiwiko kumrudisha ukingoni, maana nilishaamua kwamba huyu mama nitamshinda kwa heshima, apende asipende. Mama akapanda. Sijui mtu mwingine angefanya nini, ila mimi nikatoa pipi ya tangawizi mfukoni nikampelekea mpaka usoni, nikidhani kinachomsumbua ni kichefuchefu.

Hakuichukua. Nikaila mwenyewe.

Tukafika Mnara wa Saa. Baba akabaki ndani ya bajaji kulipumzisha goti, mama akashuka haraka kuliko nilivyotegemea kwa mtu wa umri wake, akavuka hadi pale kwenye maua chini ya mnara. Mpiga picha akaja, na mimi nikaona huu ndio ufumbuzi, picha, nani hapendi picha? Nikasimama karibu na mama. Akahamia upande wa pili wa mnara. Nikajua hajaelewa picha inapigiwa wapi, nikamfuata, mpiga picha naye nyuma yangu. Akahama tena. Nikaongeza mwendo, akaongeza mwendo. Nawaapia sikumbuki ni wakati gani kutembea kulikoma na kukimbia kukaanza, nakumbuka tai yangu imerukia begani, na nasikia spika ya Rama kutoka ng'ambo ikiwaelezea watu wote wa mjini kwamba mnara huu uko katikati ya Afrika, kati ya Cape na Cairo, na wale mnaowaona wanauzunguka ni wageni wetu wa leo.

Watu wakaanza kusimama. Wale vijana wanaouza batiki na shanga kwa watalii, flaikacha tunavyowaita, wakaacha Wazungu wao wakaja kutazama. Mama alipoona hivyo akaamua kukata kuelekea barabarani, na gari lilikuwa linakuja kwenye kipilefti kinachouzunguka mnara, nami bila kufikiri nikamdaka mkono.

Mwenzenu, yule mama aliganda. Kisha akachuchumaa palepale ukingoni mwa barabara, amejifunika uso. Flaikacha mmoja akanishika bega akaniuliza, "Broo, mama wa watu unamvutia nini?" Nikamwambia ni mama mkwe wangu, nikitegemea hilo litanisaidia. Mwenzake, aliyejitanda shuka la kimila, aliposikia hivyo akaziba mdomo kwa kiganja akageukia pembeni, kama mtu aliyeona kitu asichotakiwa kukiona. Mkono wa mama nilishauachia, ila jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kwenye soksi.

Mama akasimama, akakung'uta kitenge, akashika barabara ya Sokoine kwa miguu, anarudi zake Kilombero akapande gari la nyumbani. Hakugeuka. Nikaruka ndani ya bajaji, safari hii mbele kwa Rama (sasa ndiyo nakaa mbele!), nikamwambia amfuate. Akamfuata polepole nyuma yake, magari yanapiga honi, baba amekumbatia fimbo yake nyuma yetu, na Rama, sijui kwa mazoea au kwa wehu tu, bado anaeleza kwamba kushoto kwetu tunaona maduka.

Nilikuwa namwona Nembris akiondoka. Ndivyo nilivyoona, mgongo wa mama yake unavyozidi kwenda mbele ndivyo na yeye anavyokwenda, na wazee wangu kule Machame wameshanyoosha makoti yao ya posa. Sikuweza kukaa, nikawa nanyanyuka na kuketi, nanyanyuka na kuketi, mwisho nikampokonya Rama kipaza sauti.

"Mama," nikasema, na neno hilo likatoka juu ya paa likagonga maghorofa likanirudia. "Mama, kama hamnitaki niambieni tu. Nitamwacha Nembris. Wazee wangu wasihangaike kuja."

Sokoine yote ikageuka. Mama akasimama. Hakunigeukia, alijisogeza tu mpaka alipo mumewe, akasema naye, mgongo ukiwa kwangu, na kipaza sauti nilikuwa nimekilaza mapajani bila kukizima, kwa hiyo kila alichosema kilipanda juu na kutoka.

"Baba Nembris, mwambie huyo mtoto wa watu, asiyetakiwa hakimbiwi."

Sikuelewa. Nikamtazama baba kama mwanafunzi aliyeulizwa swali la darasa la mbele. Baba akakohoa, akaegemea fimbo yake, akanieleza taratibu, na mji mzima ukaelezwa pamoja nami, kwamba kwao mkwe na mama mkwe hawakai kiti kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mama huwa hamfanyii hivyo kijana yeyote tu. "Angekuwa hajakukubali," akasema, "angekaa na wewe hapo akala na pipi yako. Amekukimbia tangu Kilombero kwa sababu ulipotusalimia tu, yeye alishakuhesabu mkwe."

Kuna aibu ya kufukuzwa, na kuna aibu ya kugundua kwamba ulikuwa umekaribishwa tangu asubuhi na wewe ndiye uliyekuwa ukiubomoa mlango. Hii ya pili ndiyo mbaya. Nilitamani Mto Themi ungehama upite pale unizoe. Wauza matunda walikuwa wanacheka wameshikana, msichana mmoja wa duka la vitambaa akapiga kigelegele, na mimi nikashuka, nikawapisha wazee wakae wawili nyuma kama Mungu alivyopanga, nikaanza kuifuata bajaji kwa miguu nikiwa na viatu vipya vinavyobana. Rama alishachukua kipaza sauti chake. Nilimsikia mpaka Kilombero akiwatangazia watu kwamba huyo anayekuja nyuma ni bwana harusi mtarajiwa, na kama kuna mwenye panya au kunguni nyumbani asisite kumwona.

Jioni Nembris alipowasha simu nilikuwa nimeshapanga namna ya kumweleza kidogokidogo, lakini wagonjwa waliotokea mjini walishamweleza. Akaniuliza jambo moja tu, "Mkono ulimshika, hukumshika?" Nikasema nilimshika. Nikasikia anapumua kwa nguvu, nikajua analia, kumbe alikuwa amejiziba mdomo na shuka la hospitali asiamshe wodi kwa kicheko. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema haikumjia kabisa kwamba kuna mtu mzima duniani asiyejua hilo.

Posa ilikwenda, ila wazee wangu walilazimika kwenda nayo wakiwa na kondoo wa kuomba radhi kwa ule mkono, na baba yangu mdogo, aliyemshika kamba yule kondoo kutoka Machame hadi Ngaramtoni, mpaka leo tukikutana kwenye misiba haniulizi habari za watoto, ananiuliza kama mama mkwe hajambo na kama mwendo wake ni uleule. Siku ya harusi mama alikaa mbali nyuma ya ukumbi, kitenge usoni, na kile kitenge kilikuwa kinatikisika.

Basi nimeapa, na kiapo hiki sijakivunja: kipaza sauti sishiki tena, hata kwenye vikao vya harusi nikipewa nafasi nasimama nasema kwa mdomo mtupu, na mama akija mjini huwa nakodi bajaji mbili, yake inatangulia na yangu inafuata kwa mbali, sisemi, siulizi, sisogei. Hatujawahi kuzungumza ana kwa ana mimi na yeye, na tunapendana sana. Ila kila tukifika kwenye kipilefti cha Mnara wa Saa naona kitenge kinamwinamia dereva, mkono unatoka unamwonyesha kitu, halafu bajaji yake, badala ya kushika Sokoine twende, inauzunguka mnara mara mbili, na mimi nyuma yake, na sina la kufanya ila kumfuata.