Maji ya Breki ya Chura

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Karakana alinikabidhi debe moja la oili, akanionyesha magari yote yaliyokuwa uani. "Hili linatosha yote," alisema. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne, shati bado jeupe, na kwetu Kanazi hakuna aliyebishana na mwenye cheo. Nikaitikia, "Ndiyo, Mzee." Hilo ndilo lililokuwa kosa langu la kwanza, na nyinyi vijana mnaonisoma msinihurumie.

Karakana ilikuwa ndogo, ya ushirika, mjini Ngara, miaka ya Ujamaa. Vipuri vilikuwa adimu, na Mkuu alikuwa mtu wa mikutano kuliko wa spana. "Oili ni oili," alikuwa akisema. "Hapa hatutaki matabaka." Tulicheka wote. Pikapu ilipokosa maji ya breki, nikaitilia oili ya injini kama nilivyoamriwa. Breki za magari ya wakati ule zilikuwa na vikombe vya raba, na raba ile ikikutana na oili ya injini huvimba na kulainika kama andazi lililosahauliwa kwenye chai. Haikuchukua muda, pikapu ikashindwa kusimama kwenye mteremko wa Bukiriro. Dereva wake, Filbert, alivunjika mguu wa kushoto. Mkuu alisema ni mwendo wa kasi. Mimi nilinyamaza.

Nilimfuata Filbert wodini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, muuaji wangu. Zamani nikiendesha gari la mapadri, maji ya breki yakikosekana tulichanganya mafuta ya nyonyo na spiriti. Nyonyo haili raba. Wewe uliyesoma, ulishindwa hata kuuliza?"

Kisha vita vikaja. Magari yote yenye nguvu yalikwenda mpakani. Tulibakiwa na matrekta mabovu na Chura, gari jekundu la mashindano, la viti viwili, lililoachwa na mnunuzi wa kahawa aliyehama. Mama Mkunga, aliyezunguka vijijini kuzalisha, hakuwa tena na usafiri, na huko Bukiriro kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana yake. Akapewa Chura. Dereva pekee aliyebaki alikuwa Filbert, anayechechemea.

Chura nilimjua. Plagi zake za asili zilikuwa za baridi, maana yake zinapoteza joto haraka. Zinafaa gari linalokimbia muda wote. Kwenye milima yetu, kwa gia ya kwanza, zilijaa masizi meusi na injini ikakohoa. Nilikuwa nimezibadilisha kwa plagi za moto kidogo, zenye pua ndefu ya kauri, na sasa zilitoka na rangi ya kahawia kama biskuti. Hiyo ndiyo rangi ya afya. Filta yake ya hewa ya waya niliiosha kwa petroli, nikaichovya kwenye oili na kuikung'uta, ili vumbi jekundu linase humo lisiingie kwenye silinda. Injini nilikuwa nimeitilia oili nzito, kwa sababu vyuma vyake vilishalika. Kilichokosekana ni maji ya breki.

"Tia oili ya injini, waondoke," Mkuu aliamuru. "Mwanamke anakufa huko."

"Sitii."

"Unasemaje?"

"Sitii, Mzee. Nilitia mara moja. Muulize Filbert huyo mguu wake."

"Hii ni vita, kijana! Kukataa amri ni usaliti!"

"Basi nisaliti raba au nikusaliti wewe. Nimeshachagua."

Filbert alikuwa ameegemea ukuta. "Mnagombana vizuri," alisema, "lakini mwenye kuteremka mlima ni mimi."

Mama Mkunga alifungua mkoba wake, akanipa chupa ya spiriti ya kusafishia vidonda, kisha akaenda kwa jirani kuomba mafuta ya nyonyo. Nilichuja kwa kitambaa safi, nikachanganya, nikatoa hewa kwenye mirija hadi pedali ikawa ngumu. Nyinyi msifanye hivyo. Leo maji ya breki yapo. Sisi hatukuwa nayo.

"Safari hii umenitilia nini, we Mhangaza? Uji?" Filbert aliuliza, akiniita kwa kabila langu.

"Ulichonifundisha."

Alikanyaga pedali mara kadhaa, akasonya, akaondoka.

Jioni walirudi. Mama yule alikuwa amejifungua, wote wazima. Mkuu alinihamishia Biharamulo, kupaka grisi matrekta ya kijiji cha Ujamaa, na huko nilizeekea bila kupanda cheo. Sijutii. Siku hizi vijana wa duka la vipuri hunipa kopo la maji ya breki na kuniambia, "Mzee, hii inaingia gari lolote." Huwarudishia kopo lao na kuuliza raba ni ya aina gani.

Ninachojutia ni ile "Ndiyo" ya kwanza. Nilipostaafu na kurudi Ngara, kila Jumapili nilimwona Filbert akichechemea kwenda kanisani. Mguu ule wa kushoto niliuvunja mimi, siwezi kuukana. Lakini wa kulia, uliokanyaga breki kwenye mteremko wa Bukiriro na Chura akasimama, huo pia ni kazi yangu, na hakuna Mkuu atakayeninyang'anya.