Dakika Kumi za Gundi

Mume wangu ni fundi viatu, na kwa miaka kumi na tisa nilidhani namjua. Kisha akaanza kusoma mtandaoni jinsi ya kuokoa muda, nikajikuta nimeolewa na mwanamume mwingine bila hata posa.

Kila asubuhi aliandika malengo matatu kwenye karatasi na kuibandika juu ya cherehani. Simu ililia kila baada ya dakika ishirini na tano. Hapo nyundo inawekwa chini, hata kama msumari umeingia nusu. Makala asiyopata nafasi ya kuisoma aliihifadhi. Siku moja akiwa bafuni niliichungulia simu yake, maana udadisi ni ugonjwa wangu wa kuzaliwa. Makala elfu moja mia nne na sita. Kumi na moja zilifundisha jinsi ya kupunguza kusoma makala, na hizo nazo hakuwa amezifungua.

Nilicheka, lakini swali lilinikaa kooni. Mtu anaokoa muda wote huu, anaupeleka wapi?

Jibu lilikuja na kiatu cha Mwalimu, mteja wetu wa siku nyingi. Mguu wake wa kushoto ni mfupi, kwa hiyo mume wangu humwongezea soli ya sentimita tatu. Hana jozi nyingine, na Jumamosi alikuwa anamsindikiza bintiye kwenye harusi. Alhamisi alikuja kukichukua, akavaa, akapiga hatua mbili, soli ikabanduka. Nusura aanguke; alishika fremu ya mlango.

"Fundi," alisema taratibu, "hili halijawahi kunitokea kwako."

Nilimketisha kwenye kiti. Mume wangu alikigeuza kile kiatu, akapitisha kidole kwenye gundi. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, ikaachwa kama dakika kumi, mpaka ukiigusa isinate kidoleni. Ukiwahi haishiki, ukichelewa haishiki.

"Imekauka kupita kiasi," alisema.

"Na wewe ulikuwa wapi?" nilimuuliza. Nilikuwa nimekasirika kwelikweli.

"Hapahapa. Nilikuwa nasoma."

"Ulikuwa unasoma nini?"

Aliinamisha kichwa. "Jinsi ya kutumia dakika unazosubiri."

Mwalimu ndiye aliyecheka kwanza, akaniokoa na matusi yaliyokuwa ulimini. Mshika mbili moja humponyoka, lakini huyu wangu alikuwa ameshika elfu moja na ushee.

Mume wangu alikwangua gundi ya zamani kwa kisu, akapiga msasa, akapaka upya. Simu ikalia. Aliitazama, kisha akanikabidhi.

"Mke wangu, nifutie hizi makala."

"Nifute zipi?"

"Zote ambazo nisingezitafuta mwenyewe."

Nilifuta kwa mafungu huku nasoma vichwa vichache: amka saa kumi, panga soksi kwa rangi, tabia saba, tabia kumi na mbili. Mwishoni kabisa nilikuta ya kwanza kuhifadhiwa, ya miaka mitatu nyuma: namna ya kuongeza soli kwa mtu mwenye mguu mfupi. Hiyo niliiacha. Hasira yangu ikaisha.

"Sasa unafanya nini?" Mwalimu alimuuliza.

"Nasubiri."

Alikaa, mikono magotini. Akagusa gundi kwa kidole. Bado. Akagusa tena, akabandika soli, akaigonga kwa nyundo kuanzia katikati hadi pembeni. Mwalimu alivaa, akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena. Hakushika fremu.