Mnara Ulioingia Ardhini

Kutoka Juba nilikuwa siku nne juu ya malori, nikilala Gulu, Lira na Mbale. Nilipofika Busia, upande wa Uganda, nilisema nitapumzika wiki moja. Sijawahi kukaa mahali.

Mwenye chumba nilichopanga alikuwa mwanamke wa rika langu, muuza dagaa. Alitaka kusomea uuguzi, na chuo kilimtaka afaulu kwanza hesabu, mtihani uliomshinda akiwa msichana. Alikuwa amejiandikisha kuurudia Tororo.

"Ulifika kidato gani?" aliniuliza.

"Cha nne."

"Basi utanifundisha. Na usitoroke kabla ya mtihani."

Jioni tulikaa kwenye meza yake ya dagaa. Nikamwambia, "Dada, hii alama ya sawasawa ni mpaka. Namba ikivuka inabadilika. Kutoa kunakuwa kujumlisha."

"Hiyo naelewa. Mimi navuka kila siku."

Wiki zikapita, akipata kila swali la kujumlisha na kutoa. Miguu yangu ikaanza kuwasha. Dereva mmoja wa lori aliniahidi nafasi ya kwenda Nakuru, nikakubali. Jioni hiyo nikampa 3x − 5 = 16. Akavusha tano, akapata 3x = 21. Kisha akavusha na tatu: x = 21 − 3, yaani 18. Akapiga mistari miwili chini ya jibu. Swali la pili, la kutafuta urefu wa mnara, likawa vilevile: urefu gawanya kwa 40 ni sawa na 0.7. Akavusha 40, akatoa. Mnara ukawa na urefu wa hasi 39.3.

"Mnara wako umeingia ardhini. Nani kakufundisha hivi?"

"Wewe, mwalimu."

Dereva aliondoka bila mimi. Kesho yake nilimwambia ukweli: hakuna kinachovuka, tunagawanya pande zote mbili kwa tatu.

"Sasa wiki zote hizi nilikuwa navusha nini?" Akaangalia mizani yake ya dagaa, sahani huku na sahani kule. "Kumbe ni hii. Ukipunguza huku, punguza na kule."

Akaandika x = 7. Akairudisha kwenye swali mwenyewe: tatu mara saba, toa tano, kumi na sita.

Siku ya mtihani nilimsindikiza Tororo. Aliliona begi langu, asiulize.

"Ningoje nitoke," alisema tu.

Nilingoja langoni, nikikaa, nikisimama. Alipotoka alikuwa na wino shavuni.

"Mnara umekuja," alisema. "Umesimama juu ya ardhi."

Akashika njia ya Busia. Lori la kwanza kusimama lilibeba saruji, linakwenda Lira. Nikapanda.