Baba Mkwe Juu ya Boya

Katikati ya miaka ya tisini nilirudi Keumbu kutoka Kanada na stashahada ya ufundi wa ndege za majini, zile zenye maboya mawili badala ya magurudumu. Niliipata bila harambee ya mtu yeyote, na nasema hivyo popote. Baba mkwe wangu, mkulima wa chai Nyamira, hakutishika.

"Mwulize mumeo," alimwambia mke wangu mbele yangu, "hiyo ndege itatua kwenye ndoo?"

Nikamwalika ziwani nilikopata kazi, aipande mwenyewe. Rubani alikuwa mtoto wa duka la vitambaa Kisii mjini, Mhindi aliyezungumza Ekegusii, lugha yetu, kunishinda.

Kwetu baba mkwe na mkwe hawagusani. Ni chinsoni, heshima yenye haya. Kwa hiyo mzee alichagua kiti cha nyuma yangu hasa, asinione uso, na sote wawili tukaelemea upande wa kulia. Nilijua uzito unapaswa kugawanywa. Lakini ni fundi gani atamhamisha baba mkwe wake?

Wakati wa kutua, upepo ulikuwa wa vishindo. Rubani aliigusisha ndege majini kama mama anayelaza mtoto. Ghafla kishindo cha upepo kikainua bawa la kushoto, boya la kulia likaanza kuzama. Kanada niliona ndege zikipinduka hivyo hivyo. Na mzee hakujua kuogelea.

Nilitambaa hadi mlango wa kushoto, nikasimama juu ya boya, nikashika nguzo ya bawa. Bawa likazidi kupanda.

"Mzee, mfuate!" rubani alifoka. "Mshike!"

"Nimshike mkwe wangu?"

"Usipomshika utaoga naye!"

Mzee akatoka. Akiwa na koti lake la kanisani, alikanyaga boya lile lenye utelezi, akakamata mshipi wangu kwa mikono miwili, akaegemea upepo pamoja nami. Bawa likashuka. Nimefanya kazi na watu wenye vyeti vya kufunika ukuta. Sijaona aliyetumia uzito wake vizuri namna ile.

Tulipofika ufukweni, mshipi wangu ulikuwa umekatika. Mzee akageuka haraka, akatazama milima.

"Mwambie mwanangu avute suruali," alimwambia rubani. "Na umwambie kazi yake nimeiona."